Maliwato Salama kwa Wazee na Watu Wenye Ulemavu

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilienea Tanzania Bara, nayo ilihimiza, pamoja na mambo mengine, kila kaya iwe na choo. Lakini choo kuwapo ni jambo moja, na mzee kuweza kukitumia ni jambo jingine. Huko Magamba, katika Wilaya ya Mpanda, mkoani Katavi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, choo cha shimo na bafu aghalabu huwa nje, nyuma ya nyumba. Mvua za Novemba hadi Aprili huifanya njia kuwa utelezi. Kijana huruka dimbwi. Ajuza mwenye mkongojo hawezi.

Mzee anayeogopa kuanguka hupunguza kunywa maji jioni ili asitoke usiku. Mwili ukipungukiwa maji, shinikizo la damu hushuka upesi asimamapo. Huona kizunguzungu, naye huanguka. Hivyo hofu ya kuanguka huzaa kuanguka kwenyewe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Sakafu na msuguano

Kinachomzuia mtu asiteleze ni kani ya msuguano baina ya unyayo na sakafu. Maji ya sabuni hufanya utando mwembamba unaotenganisha nyuso hizo mbili, na msuguano hupungua. Sakafu iliyopigwa niru hupendeza macho, lakini ikilowa ni mtego. Dawa yake ni rahisi: kabla saruji haijakauka, fundi aikwaruze kwa ufagio mgumu. Aidha, sakafu iinamie upande wa mfereji, sentimita 1 kwa kila sentimita 50, ili maji yasituame.

Kuchuchumaa na kuinuka

Misuli ya mapaja hulegea uzeeni, na magoti hukakamaa. Kwa hiyo kuinuka kutoka chini kabisa ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Fundi seremala aweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, kimo chake kiasi cha sentimita 45, kikawekwa juu ya shimo. Kigoda kizito cha kuogea nacho hufaa bafuni.

Pande mbili za kiti zisimikwe vishikio. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa karibu nyutoni 600. Akijisukuma kwa nyutoni 75 kwa kila mkono, robo ya mzigo huondoka magotini. Nguzo za mninga zafaa, zikizikwa sentimita 60 na kupakwa oili chafu upande wa chini kuzuia mchwa.

Njia na mwanga

Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu au kiti cha magurudumu huhitaji mlango wenye upana usiopungua sentimita 80, na mahali pa ngazi pawe na mteremko wa sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kamba iliyofungwa toka nyumbani hadi chooni humwongoza asiyeona. Ukingo wa kizingiti upakwe chokaa, kwani jicho la mzee huhitaji mwanga mwingi kuliko la kijana.

Zoezi la darasani

Vuta tofali kwa mizani ya springi juu ya saruji laini, kwanza ikiwa kavu, kisha ikiwa na maji, kisha na maji ya sabuni. Andika nyutoni zilizohitajika ili tofali lianze kusogea. Rudia juu ya saruji iliyokwaruzwa, kisha linganisha.

Baada ya hapo, mwanafunzi apime maliwato ya nyumbani kwao. Lakini asianze kwa futikamba. Aanze kwa kumwuliza mzee. Kimo cha kiti hufuata goti lake, na cha kishikio hufuata mkono wake.