Kuungua kwa Mafuta na Maji Moto Kibandani

Leo nazungumza na mama wa kibanda, yule anayepika chai, chapati na mandazi kando ya barabara, na mara nyingi mtoto yuko pale pale miguuni pake. Jiko ndilo mahali pake pa kazi.

Tuseme mtoto amevuta sufuria, chai moto ikamwagikia mkono. Mwondoe karibu na jiko, kisha shika maji. Si unga, si yai, si dawa ya meno, wala si mafuta ya kupikia. Maji safi, baridi ya kawaida, kwa dakika 20 nzima.

Mbona muda mrefu hivyo? Ukiepua uji, huendelea kutokota kidogo ingawa moto haupo tena. Mwili nao ni vivyo hivyo: joto limeingia ndani ya nyama na bado linaunguza. Maji hulitoa. Unga na dawa ya meno havilitoi, tena huleta uchafu, na muuguzi atalazimika kuvisugua ndipo akione kidonda. Hapo mtoto ataumia mara ya pili.

Najua wengine mtasema, "Sista, hapa kwetu hakuna mfereji." Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha. Mimina kwa kikombe polepole, kama lita moja kwa dakika. Usitumie barafu, maana nayo huharibu ngozi. Wakati maji yanapita, mvue bangili, ushanga na nguo zilizolowa, kwa sababu mkono utavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi iache. Sehemu nyingine za mwili zifunike kwa leso, mtoto asishikwe na baridi.

Majirani watakuhimiza upande bodaboda papo hapo. Kama mtoto anapumua vizuri, maliza maji kwanza. Na hata kama saa moja au mbili zimepita kabla hujasikia ushauri huu, maji bado yanasaidia.

Baada ya hapo, funika kidonda kwa kitambaa safi bila kukaza. Malengelenge usiyatumbue.

Nenda kituo cha afya ikiwa kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au kiko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri. Nenda pia kama ni umeme au asidi, au alivuta moshi. Mtoto mdogo aliyetoka malengelenge apelekwe bila kungoja. Ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi na haiumi, msifurahi: moto umefika ndani sana. Chukua kadi yake ya kliniki, ili waangalie chanjo ya pepopunda.

Nanyi mlioajiriwa hotelini, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza. Uliza liko wapi, ulifungue uone kama lina bandeji ama lina risiti za zamani tu. Ukiungua kazini, mwarifu mwajiri siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha jiko, jaza mtungi mmoja, uuweke kando, na usiuguse kwa kuosha vyombo. Kwaherini.