Diski nene zinakula mafuta ya mafundi wa Manono

Fundi wa chuma anayenunua diski ya grenda mjini Manono huuliza bei, kisha huibana diski kwa vidole apime unene wake. Nene huonekana ya kudumu, na ndiyo inayoondoka dukani. Kwa kazi nyingi za atelie za hapa, yaani milango, madirisha, vitanda, mikokoteni na vyuma vya kubebea matangi ya maji, uchaguzi huo ni wa hasara. Hasara hiyo haionekani kwenye bei ya diski kwa sababu hulipwa baadaye, kwenye petroli ya jenereta.

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, ambaye ameuza diski kwa miaka mingi, anasema amechoka kulaumiwa. Aliwahi kuagiza diski nyembamba za milimita 1.0 na 1.2 kwa wingi, akiamini mafundi wataziona faida zake. Zilikaa rafuni. Chache zilizouzwa zilirudishwa vipande vipande, na wateja wakamwambia mbele ya watu kwamba anauza mali bandia. Alipowauliza wamezitumiaje, maelezo yalifanana: fundi alikata tyubu, mkato ukatoka vizuri, kisha akailaza grenda na kuanza kusawazisha mshono wa kuchomelea kwa ubavu wa diski ileile.

Kwa maelezo yake, hapo ndipo biashara yake ya diski nyembamba ilipokufa. Mteja aliyevunjikiwa hasemi kwamba alitumia diski ya kukatia kusagia. Husimulia jirani kwamba diski za duka fulani ni mbovu, na jirani naye huenda kununua ya milimita 3 kwingine. Sasa mfanyabiashara huyo huagiza nene kwa sababu ndizo zinazomrudishia mtaji, ingawa anajua sizo zinazowafaa wateja wake. Anaongeza lalamiko la pili, zito zaidi: baadhi ya katoni anazopokea zimeandikwa 1.2, lakini akizipima diski kwa vernia anakuta zinapita 1.6. Anayemuuzia kwa jumla humjibu kwamba katoni ikishafunguliwa hairudishwi. Kwa hiyo anabeba hasara ya pande mbili, ya muuzaji wa jumla na ya mteja.

Ni lalamiko la mtu mmoja, na wapo wauzaji wengine wanaosema hawajaona tatizo hilo. Lakini hesabu ya unene haihitaji kumwamini yeyote. Katika mkato uleule, diski ya milimita 3 inaondoa chuma mara tatu ya kile kinachoondolewa na diski ya milimita 1. Chuma hicho chote lazima kigeuzwe kuwa vumbi na cheche, na nguvu ya kukigeuza inatoka kwenye mota ya grenda, yaani kwenye jenereta, yaani kwenye dumu la mafuta. Diski nyembamba humaliza mkato mapema, huchemsha chuma kidogo, na huacha ukingo usiohitaji kusagwa sana kabla ya kuchomelea. Kwenye tyubu nyembamba za mraba, ambazo ndizo mkate wa kila siku wa atelie, tofauti hiyo hujirudia kwa kila kipande kinachokatwa.

Mjini Manono hesabu hiyo inauma kuliko katika miji yenye umeme wa uhakika. Bwawa la Piana Mwanga kwenye mto Luvua, lililolisha mji na migodi ya kasiterite enzi za uchimbaji mkubwa, liliharibika na kukaa hivyo kwa miaka mingi. Mtambo wa sola wa takriban megawati 1 uliojengwa baadaye hauwezi kuwa tegemeo la mji mzima, na fundi mwenye kazi ya kukabidhi jioni hawashi grenda kwa kutegemea bahati. Anawasha jenereta. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 au 125 hula wati 700 hadi 1,000 hivi, na jenereta ndogo inaibeba. Ile kubwa ya milimita 230 hudai wati 2,000 na zaidi, na inapoanza kuzunguka jenereta ndogo hulegea. Umeme ukilegea, mwendo wa grenda unashuka. Mwendo ukishuka, diski hukwama ndani ya mkato na kulika haraka. Fundi huona diski imeisha upesi akailaumu kwamba ni nyembamba, kumbe iliyokosa nguvu ni mashine.

Hata hivyo wanaopendekeza nyembamba kwa kila kazi nao wanakosea. Diski ya milimita 1.0 haivumilii mkono unaotetemeka wala chuma kisichobanwa. Mkato ukipinda kidogo tu, diski hubanwa na kuvunjika. Hupungua kipenyo haraka pia, hasa kwenye chuma kigumu. Anayekata nondo nyingi kwa siku, au chuma cha pembe chenye unene, atapata nafuu zaidi kwa milimita 1.6. Anayekata reli za zamani, vyuma vizito vya mitambo ya migodi au mabamba mazito kwa grenda ya milimita 230 anahitaji diski ya milimita 2.5 au 3, kwa sababu diski ya ukubwa huo ikiwa nyembamba mno hupepesuka. Na kwa kusagia ipo diski yake, yenye unene wa milimita 6 hivi na kitovu kilichobonyea. Diski ya kukatia si mbadala wake, hata iwe nene kiasi gani.

Kisha kuna safari ya diski zenyewe. Mzigo hufika Manono kwa njia mbili kuu: kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kuvuka ziwa hadi Kalemie kisha barabara, au kutoka Lubumbashi kuja kaskazini. Masika zote mbili huwa mateso, na katoni huweza kukaa siku nyingi chini ya turubai linalovuja. Diski imefungwa kwa gundi ya resini, na resini hunyonya unyevu ikadhoofika. Diski iliyoloa upande mmoja hupoteza usawa inapozunguka. Mfanyabiashara wetu anasema hutandaza katoni zake juu ya mbao, mbali na sakafu, na anafanya sawa. Wachache humfuata.

Kuhusu udhibiti, afisa mmoja anayeshughulikia ukaguzi wa bidhaa anasema diski zinazoingia nchini hukaguliwa, na anataja miaka 3 kuwa ndio umri wa diski tangu kutengenezwa. Takwimu hiyo ni sahihi. Ndiyo desturi ya watengenezaji wa diski za resini, na mwezi na mwaka wa mwisho hupigwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski, mara nyingi kwa kutanguliwa na herufi V. Tatizo liko kwenye neno “hukaguliwa”. Mtu akitembea kwenye vibanda vya soko na kugeuza diski moja moja, hukuta pete zisizo na tarehe yoyote, nyingine zikiwa na tarehe iliyokwishapita, nyingine zimekwaruzwa. Afisa akiulizwa hayo hujibu kwamba wafanyabiashara wadogo hupitisha mizigo nje ya vituo rasmi. Huenda ni kweli. Lakini diski zile zimefungwa katika katoni kubwa zilizopandishwa boti na lori, na katoni za namna hiyo hazipiti gizani kila mara.

Kinachotisha zaidi hakimo katika karatasi yoyote ya ukaguzi. Katika baadhi ya atelie, fundi asiye na grenda kubwa hung'oa kinga ya grenda ndogo na kufunga humo diski ya milimita 230 ili afikie chuma kizito. Diski nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa mwendo wa ukingo usiozidi mita 80 kwa sekunde. Kwa diski ya milimita 115 hiyo ni mizunguko 13,300 kwa dakika. Kwa ya milimita 230 ni takriban 6,600 tu. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi. Ukifunga diski kubwa hapo, ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Ikipasuka, vipande vinakuja usoni, shingoni na tumboni mwa aliyeishika, na kinga iliyopaswa kuvizuia iko chini ya meza. Hakuna unene unaoponya kosa hilo. Mwenye atelie anayemwachia kijana anayejifunza kazi afanye hivyo anabeba dhamana ya maisha yake.

Mbele ya safari, matarajio yanategemea unamuuliza nani. Lithiamu iliyo chini ya ardhi ya Manono, miongoni mwa hazina kubwa za mwamba zinazojulikana duniani, imewafanya maafisa wazungumzie kazi nyingi za chuma zijazo: mageti, kambi, matangi, matrela. Wauzaji wanaitikia kwa tahadhari, kwani ahadi za madini mji huu umezisikia tangu enzi za Wabelgiji. Mradi mkubwa unaweza pia kuja na vyuma vilivyokatwa tayari na mafundi wake, na atelie za mtaa zikabaki na vitanda na madirisha. Kwa sasa mteja wa diski ni fundi yuleyule anayelipwa kwa franka huku bidhaa ikiagizwa kwa dola, na dola ikipanda yeye hurudi kwenye diski anayoiona ni ya kudumu. Pengine mafuta yakizidi kupanda atabadilika. Pengine hatabadilika hata hivyo, ikiwa hatauziwa nyembamba ya kweli.

Mwenye atelie anaweza kujipimia mwenyewe: achukue tyubu moja, jenereta moja na diski mbili, ya 1.2 na ya 3, akate vipande kumi kwa kila moja akiwa amevaa miwani na kinga iko mahali pake, kisha alinganishe muda na mafuta yaliyobaki. Na muuzaji anayepokea katoni ya diski zisizo na tarehe kwenye pete asizipange rafuni. Azirudishe zilikotoka.