Namba ya Siri Ikisahaulika: Kinachofunguka na Kinachopotea

Kusahau namba ya siri ya simu janja huzua maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa na kufanywa moja. La kwanza ni kama kifaa chenyewe kitatumika tena, na jibu lake karibu kila mara ni ndiyo. La pili ni kama picha na ujumbe uliokuwemo utapatikana, na hapo jibu la kweli, ingawa ni chungu kwa aliyeweka humo picha za mwisho za mzazi wake, mara nyingi ni hapana.

Chanzo cha tofauti hiyo ni usimbaji, yaani utaratibu wa kuzivuruga taarifa kwa hesabu maalumu hata zisisomeke bila ufunguo wake, ambao tangu toleo la 10 la Android, mwaka 2019, umekuwa sharti kwa simu mpya za mfumo huo. Katika iPhone, kila mtumiaji anapoandika namba yake, namba hiyo huchanganywa na nyingine ndefu iliyotiwa ndani ya chipu kuu tangu kiwandani, ambayo hakuna programu inayoweza kuisoma, na ni mchanganyiko huo unaozaa ufunguo. Kwa hiyo aliyesahau namba amepoteza sehemu ya ufunguo wenyewe, na fundi akiing'oa chipu ya kumbukumbu na kuihamishia kwenye simu nyingine, atakachokuta ni vurugu tupu.

Hesabu hiyo imepangwa kwa makusudi ichukue takriban milisekunde 80, muda usiofikia sehemu ya kumi ya sekunde. Namba ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000, ambayo yote ingejaribiwa kwa dakika 13 na ushei. Ya tarakimu 6 ina michanganyiko 1,000,000, ambayo ingehitaji saa 22 hivi. Kwa kuwa muda huo haumzuii mwizi mwenye subira, simu humlazimisha anayekosea kungoja, kwanza dakika chache, kisha muda mrefu zaidi, na mmiliki akitaka huweza kuiamuru ifute kila kitu baada ya makosa 10. Mwaka 2016 Sergei Skorobogatov wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha jinsi kinga hiyo ilivyoweza kukwepwa katika iPhone 5c: aliibandua chipu ya kumbukumbu, akanakili yaliyomo, na kila baada ya majaribio machache akarejesha nakala ya mwanzo, simu ikahesabu upya kana kwamba hakuna aliyekosea. Simu zilizofuata huweka hesabu ya makosa ndani ya chipu ya usalama iliyojitenga, hivyo ujanja huo haufui dafu kwake.

Alama ya kidole nayo haiokoi sana, maana simu iliyozimwa na kuwashwa hudai namba kwanza. Ndiyo sababu mwenye kusahau hapaswi kuizima wala kuiacha iishiwe chaji, hasa ikiwa kidole chake bado kinaifungua na anaweza kunakili picha zake kwingine. Aliyebadilisha namba karibuni kwenye iPhone yenye iOS 17 au toleo la baadaye anaweza kutumia ile ya zamani kwa muda wa saa 72.

Njia inayobaki ni kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, kazi ambayo mafundi wa mitaani huiita kuflash. Kitendo hicho huangamiza funguo, na taarifa zote hupotea pamoja nazo. Hata baada ya hapo simu hudai akaunti ya Google au Apple iliyokuwa ikitumika, kinga iliyowekwa ili simu ya wizi isiuzike, na asiyekumbuka nenosiri la akaunti hiyo hukwama mara ya pili. Majina na picha zilizokwisha kunakiliwa kwenye akaunti hurejea zenyewe, na ujumbe wa WhatsApp hurejea iwapo nakala yake ilihifadhiwa huko.

Fedha za M-Pesa haziguswi, kwani salio limo katika kompyuta za kampuni ya simu, na laini ikihamishiwa kwenye simu nyingine huduma huendelea. Ikiwa laini nayo ina namba yake ya siri, hujifunga baada ya makosa 3, na hufunguliwa kwa PUK, namba ya tarakimu 8 ambayo kampuni humpa mwenye laini akishathibitisha utambulisho wake. PUK ikikosewa mara 10, laini hiyo hufa, na mwenyewe hulazimika kupewa kadi mpya yenye namba ileile ya simu.