Ndege Ikichelewa, Hasara ni ya Nani?

Alfajiri ya tarehe 17 Julai 2019, rubani msaidizi wa shirika la TAP la Ureno alikutwa amefariki kitandani hotelini mjini Stuttgart, Ujerumani, muda mfupi kabla ya kurusha ndege kwenda Lisbon. Wenzake walishtuka mno hata wakasema hawawezi kuruka. Safari ikafutwa, ikabidi wafanyakazi wengine waletwe kutoka Ureno. Fidia ilipodaiwa shirika likakataa: nani angeweza kukitabiri kifo hicho? Tarehe 11 Mei 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikajibu kwamba shirika lilipe. Mfanyakazi kuugua au kufa ghafla, walisema majaji, ni sehemu ya shughuli za kila siku za mwajiri yeyote, naye ndiye wa kujipanga kwa hilo. Anayeuona uamuzi huo kuwa wa kikatili huenda anadhani fidia ni adhabu kwa mkosaji. Katika sheria hii hakuna anayetafutwa kosa. Linaloulizwa ni hasara ya muda uliopotea aibebe nani, shirika lenye ndege na marubani wa akiba, au abiria mwenye begi lake tu.

Sheria yenyewe ni Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Uzuri wake ni kwamba haimtaki abiria athibitishe alichopoteza. Safari isiyozidi kilomita 1,500 hulipwa euro 250. Inayozidi hapo hadi kilomita 3,500, euro 400. Na ndefu zaidi nje ya Umoja, euro 600, hata kama tiketi ilinunuliwa kwa bei ya kutupa. Kutoka Amsterdam au Brussels hadi Nairobi, Kigali, Entebbe au Dar es Salaam ni mbali kupita kilomita 3,500, kwa hiyo hapo tunazungumzia euro 600, ingawa shirika linaruhusiwa kukata nusu ikiwa ucheleweshaji haukufikia saa nne. Safari ikifutwa, fidia ipo isipokuwa kama abiria aliarifiwa angalau siku 14 kabla, au alipewa ndege nyingine ya muda unaokaribiana sana na ule wa kwanza. Kwa ndege iliyochelewa, maandishi ya sheria hayakutaja fidia kabisa. Ni mahakama hiyohiyo iliyosema mwaka 2009 kwamba aliyefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi ameumia sawa na aliyefutiwa safari. Saa hizo huhesabiwa mpaka mlango wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa ardhi. Na kwa kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, shirika linapaswa pia kutoa chakula, hoteli usiku ukiingia, na simu mbili au, kwa anayependa, teleksi. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga mwaka 2010, fidia haikuwapo, lakini gharama za chakula na malazi zilibaki juu ya mashirika.

Wengi wetu tunaosafiri kati ya Afrika Mashariki na Ulaya hudhani haya ni mambo ya wenye pasipoti za huko. Sheria haiulizi uraia, huuliza ndege imetoka wapi na inarushwa na nani. Ndege yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya, iwe ya KLM, Kenya Airways au Ethiopian, imo. Inayokwenda Ulaya kutoka Nairobi imo ikiwa tu inarushwa na shirika la Ulaya. Hivyo KLM wanadaiwa, Kenya Airways hawadaiwi. Msomaji aangalie vizuri hapo, maana tiketi inaweza kuandikwa jina la shirika moja na ndege ikarushwa na jingine. Aliyenunua tiketi moja ya Hamburg hadi Kilimanjaro kupitia Amsterdam, akachelewa dakika arobaini tu na kukosa ndege ya pili, hupimwa kwa saa aliyofika Kilimanjaro. Uingereza ilijitoa katika Umoja lakini ikabaki na sheria kama hiyo, kiwango cha juu kikiwa pauni 520.

Mashirika yana hoja, na si zote za kupuuzwa. Ya kwanza ni usalama: ukimtoza mtu kwa kuchelewa, utamshawishi arushe ndege mbovu. Lakini sheria inasamehe hali zisizo za kawaida, kama dhoruba, ndege kugongana na ndege wa angani, au kasoro iliyofichika tangu kiwandani. Hitilafu ya kawaida ya injini haimo, kwa uamuzi wa 2008, kwa sababu matengenezo ni kazi ya mwenye chombo. Mgomo wa marubani wa shirika lenyewe haumo pia. Ya pili ni kwamba kumlipa euro 250 aliyenunua tiketi ya 30 ni dhuluma. Mbona basi tiketi za euro 30 zimeshamiri Ulaya miaka hiyohiyo ambayo sheria hii imekuwapo? Na aliyekosa mazishi ya mzazi hakupoteza euro 30. Hoja ya tatu ndiyo nzito: saa tatu hazitoshi kuleta ndege ya akiba kutoka mbali, kwa hiyo shirika huona heri lifute safari kabisa. Juni 2025 mawaziri wa uchukuzi wa nchi wanachama waliikubali, wakapendekeza saa nne kwa safari za hadi kilomita 3,500 na saa sita kwa za mbali zaidi. Wabunge wengi wa Bunge la Ulaya walipinga, na naona walikuwa na haki. Tatizo la ndege ya akiba lingeweza kutatuliwa kwa kupandisha kiwango kadiri saa zinavyoongezeka. Pendekezo la mawaziri linamwacha mikono mitupu kila anayefika Dar es Salaam akiwa amechelewa saa tano na nusu.

Kudai hakuhitaji wakili. Tunza pasi ya kupandia ndege na stakabadhi za chakula, mwombe mhudumu aandike sababu ya kuchelewa, kisha jaza fomu kwenye tovuti ya shirika lililorusha ndege. Ukipewa vocha kaunta, una haki ya kuikataa: fidia ni fedha taslimu mpaka wewe mwenyewe utie saini kukubali kingine. Wakikataa, ipo mamlaka inayosimamia sheria hii katika nchi ya Umoja ulikoondokea, au uliyofikia ikiwa ulitoka nje ya Umoja. Kampuni za kudai kwa niaba yako zipo tele, ila hukata robo au theluthi, na zaidi kesi ikifika mahakamani. Jaribu mwenyewe kwanza. Usikawie tu, kwani kila nchi ina ukomo wake: Ufaransa miaka mitano, Ujerumani mitatu, Uholanzi miwili, Ubelgiji mmoja.