Kontena Nalo Hupimwa Afya: Yanayofanyika Yadi Kabla Halijarudi Baharini

Wengi wetu kontena tunalijua likiwa limeshastaafu. Limekatwa dirisha ubavuni, limepigwa rangi ya kampuni ya simu, na ndani yake mtu anauza chipsi au anatoa kopi za notisi wiki ya UE. Kabla ya kufika hapo, sanduku hilo limezunguka baharini miaka kumi na ushee. Na kila liliporudi tupu kutoka kwa mteja, lilipita mikononi mwa mtu mwenye tochi, nyundo, futi kamba na chaki. Huyo ndiye mkaguzi wa makontena, na pembeni yake yupo fundi wa kuchomelea anayesubiri kuambiwa akate wapi.

Kazi hii inatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila mwaka wenzetu wa uhandisi, ugavi na usafirishaji hupelekwa fildi kwenye bandari kavu na yadi za Kurasini, Barabara ya Mandela na sasa Kwala, na wengine hukabidhiwa fomu ya ukaguzi siku ya kwanza bila maelezo ya maana. Ya pili ni pesa. Siku ukiagiza mzigo, wewe au mzazi wako, yadi ndiyo mahali unapoweza kulipishwa tundu ambalo hukulitoboa.

Sanduku limejengwaje

Historia yake ni fupi. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Mwenye wazo alikuwa mfanyabiashara wa malori, Malcom McLean. Hesabu yake ilikuwa rahisi: badala ya wapagazi kushusha gunia moja moja, nyanyua sanduku zima.

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. La futi 40 lina urefu wa mita 12.19. Ukuta wake ni mwembamba kuliko unavyodhani, bati la milimita 1.6 hadi 2 hivi. Nguvu yake inatoka kwenye mikunjo ile ya bati, na zaidi ya yote kwenye fremu.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Makontena yakipangwa ghorofa, uzito haukai juu ya paa wala kuta. Unashuka kwenye nguzo nne za kona, kupitia vile vyuma vinene vyenye matundu vilivyoko kwenye pembe nane za sanduku. Kwa hiyo ukuta unaweza kuwa umebonyea kama sufuria iliyoanguka na kontena likawa salama kabisa. Lakini nguzo moja ya kona ikiwa na ufa mdogo tu, kontena hilo ni hatari kwa kila mtu anayepita chini yake.

Chini ya sakafu kuna vyuma vya mkingamo, na juu yake plaiwudi nene ya milimita 28. Foklifti huingia na kutoka juu ya sakafu hiyo. Kwa upande wetu inapata shida ya pekee: makontena yanayotoka Zambia na Kongo kupitia Tunduma hubeba shaba, mzigo mdogo kwa ukubwa lakini mzito mno. Ukiwekwa vibaya, uzito wote unakaa sehemu moja, na sakafu inalipa gharama.

Namba na kibati

Mlangoni kuna namba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, na husajiliwa na ofisi moja tu duniani, iliyoko Paris. Herufi ya nne mara nyingi ni U, kuonyesha kwamba hili ni kontena la mizigo. Zinafuata tarakimu sita, kisha moja ya mwisho iliyofungwa ndani ya kisanduku. Hiyo ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia.

Tuchukue namba inayotumika sana kufundishia: CSQU 305438, tarakimu ya mwisho 3. Kila herufi ina thamani. A ni 10, kisha unaendelea kuhesabu huku ukiruka 11, 22 na 33. Kwa hiyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Thamani ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, na kuendelea hivyo hadi ya kumi, kwa 512. Jumlisha zote: unapata 6,185. Gawanya kwa 11, inabaki 3. Imelingana. (Ikibaki 10, huandikwa 0.) Karani akikosea tarakimu moja getini, kompyuta inagoma hapo hapo. Mtu wa kompyuta sayansi hapo anatabasamu, najua.

Kwenye mlango pia kuna kibati cha chuma kilichopigiliwa. Hicho ni cheti cha usalama kinachotokana na Mkataba wa Kimataifa wa Makontena Salama, uliopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977. Kinataja mwezi na mwaka wa kutengenezwa, uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, na uzito ambao nguzo zinaweza kubebeshwa juu. Makontena mengi yameandikwa kilo 192,000. Namba hiyo haikuokotwa: ni makontena manane ya tani 24 yaliyopandana juu ya moja la chini.

Mkataba unataka kontena likaguliwe kabla halijatimiza miaka 5, na baada ya hapo lisipite miezi 30 bila ukaguzi. Kampuni kubwa nyingi hutumia utaratibu mbadala ulioidhinishwa, ambapo kontena hukaguliwa kila linapotengenezwa au kubadilisha mikono, na kibati huandikwa herufi ACEP. Kontena lisilo na kibati, au ambalo tarehe yake imepita, halipaswi kupakiwa hata kama linang'aa.

Mkaguzi anatazama nini

Mkaguzi mzuri hufuata njia ile ile kila siku ili asiruke kitu. Huanza mlangoni, akazunguka ubavu mmoja, ukuta wa mbele, ubavu wa pili, paa, chini ya sakafu, halafu ndani. Kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umesimama nje, unatazama milango. Usipokubaliana na fundi juu ya hilo, atakwenda kuchomelea ukuta mzima na kuacha wenye tundu.

Mkononi ana viwango, si hisia. Nguzo ya kona iliyobonyea zaidi ya milimita 50, au yenye ufa unaozidi urefu huo, inaliondoa kontena kazini papo hapo. Muhimili wa juu ukomo wake ni milimita 60 za kubonyea au ufa wa milimita 45. Chuma cha pembe kikiwa na ufa uliopenya, hakuna mjadala. Nondo za ndani za kufungia mlango zisipofanya kazi, vivyo hivyo.

Kutu nayo ina daraja zake. Chuma cha kontena ni cha aina inayojitengenezea ngozi ya kutu ili kujilinda, kwa hiyo wekundu wa juu juu haumshtui mtu. Anachotafuta ni kutu inayobanduka kwa magamba. Anagonga kwa nyundo: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya debe lililokufa.

Kisha linakuja jaribio ambalo halihitaji mashine. Mkaguzi anaingia ndani, mwenzake anaegesha milango, na giza linatanda. Kila tundu, hata la sindano, linaonekana kama nyota. Hapo anazungushia chaki.

Kwa nini tundu la sindano liwe tatizo? Fikiria korosho za Mtwara au kahawa ya Mbinga inayokaa wiki kadhaa baharini. Tayari kontena lina jasho lake: mchana hewa ya ndani inapata joto na kubeba unyevu, usiku paa linapoa, na unyevu unadondoka kama mvua juu ya magunia. Ukiongeza na maji ya nje, mnunuzi anapokea ukungu. Ndiyo maana kontena la chakula hukaguliwa pia kwa pua. Lililobeba ngozi za kutiwa chumvi au kemikali linaweza kuwa zima kabisa lakini lisifae kwa kahawa mpaka lioshwe, na pengine sakafu ibadilishwe.

Usiingie kichwa kichwa

Hapa naomba wa fildi wasome mara mbili. Kontena lililofungwa muda mrefu linaweza kuua.

Nafaka na mazao mengine hufukiziwa dawa ya kuua wadudu kabla ya safari. Vidonge vyake vinatoa gesi ya fosfini, ambayo wakati mwingine hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Lakini pua si kipimo: gesi inaweza kuwepo na usisikie kitu. Mizigo mingine, kama mbao na baadhi ya mazao, hula oksijeni ya ndani yenyewe. Mtu anaingia, anaanguka. Mwenzake anakimbilia kumwokoa, naye anaanguka.

Kwa hiyo soma kwanza kama mlangoni kuna alama ya fuvu. Fungua mlango wa kulia, ndio unaotangulia siku zote, kisha wa kushoto, na kaa pembeni maana kuna kitu kinaweza kukuangukia. Acha hewa ipite. Penye shaka, gesi ipimwe kwa kifaa kabla ya mtu yeyote kuingia. Na kwenye jaribio la giza, mwenzako abaki nje ameshika mlango, komeo lisifungwe. Ukiambiwa "ingia tu, sisi tunaingia kila siku," kataa kwa heshima. Alama za fildi zipo, lakini uhai ni mmoja.

Fundi anafanya nini

Mbonyeo wa kawaida hunyooshwa kwa nyundo na jeki. Tundu au mpasuko ni hadithi nyingine. Fundi hakati bati dogo na kulibandika juu kama kiraka cha suruali. Kiraka cha juu kinashika maji katikati, na kutu inaendelea kula ndani wakati nje kumepakwa rangi safi. Anakata sehemu iliyoharibika yote mpaka afikie chuma kizima, anazungusha pembe za tundu ili ufa usianzie hapo, kisha anachonga bati jipya lenye mikunjo ile ile na kulichomelea mzunguko mzima bila kuacha nafasi. Halafu grenda, brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, rangi ya juu. Ukiona rangi imepakwa juu ya magamba, hapo hakuna matengenezo, kuna vipodozi.

Sakafu nayo ina kanuni. Plaiwudi mpya lazima ikatwe ili ncha zake zikae juu ya vyuma vya mkingamo. Kipande kinachoning'inia katikati kitapasuka siku foklifti ikipanda. Na kwa kuwa mbao ipo upande wa pili wa chuma kinachochomelewa, ndoo ya maji na kizimamoto havitakiwi kuwa mbali.

Kazi ikiisha, mkaguzi anarudi na jaribio la giza linarudiwa. Fundi hajikagui mwenyewe.

Nani analipa?

Hapa ndipo kelele zinapoanzia. Kanuni ya jumla ni kwamba uchakavu wa kawaida, kama rangi kufifia, kutu ya umri na raba za mlango kuchoka, ni mzigo wa mwenye kontena. Tundu, mbonyeo mkubwa, sakafu iliyovunjika au kumwagikiwa mafuta ni mzigo wa aliyekuwa nalo.

Ushahidi wa nani alikuwa nalo ni karatasi moja: ile ya makabidhiano, ambayo watu wa bandarini huiita intachenji. Huandikwa kontena linapotoka getini na linaporudi. Kasoro ikiwa kwenye karatasi ya kutoka, si yako. Isipokuwepo, hata kama ilikuwa na kutu ya miaka mitatu, utabishana huku fedha yako ya dhamana ikiwa imeshikiliwa. Dereva ana haraka, utingo amesinzia, wakala wa forodha yuko kwenye simu. Karatasi inasainiwa "safi" na kontena linaondoka. Anayeumia ni mwagizaji mdogo aliyechangishana na ndugu zake kuleta mzigo mmoja.

Dawa yake ni dakika kumi na simu yako ya mkononi. Kabla kontena halijatoka, piga picha pande zote nne, milango, namba, kibati na, likishapakuliwa, sakafu. Kasoro yoyote idai iandikwe kwenye karatasi kabla ya sahihi yako. Likirudi tupu, lifagie, ondoa misumari na kamba, piga picha tena. Ukiletewa hesabu ya matengenezo, omba picha za yadi na vipimo vya kila sehemu, maana neno "limeharibika" peke yake si kipimo.

Na wewe uliyepangiwa fildi yadi, siku utakayopewa chaki, kumbuka kwamba alama unayochora ina watu wawili nyuma yake. Mmoja anasubiri kurudishiwa dhamana yake. Mwingine atasimama chini ya ghorofa ya makontena, katika bandari usiyoijua, akiamini kwamba nguzo uliipima kweli.