Kugawa Diski Kabla ya Kusakinisha Linux

Mwanafunzi anayeandika tasnifu ana vitu vya aina mbili katika kompyuta yake. Kuna programu, ambazo zikiharibika hupatikana tena. Na kuna kazi yake: sura alizoandika, na sauti za wazee aliowarekodi wakisimulia ngano. Hizo zikipotea, zimepotea. Anayesakinisha Linux hupata nafasi ya kuvitenganisha vitu hivi, na si vyema nafasi hiyo ipite bure.

Mapema utaulizwa kama diski nzima itumike au utaigawa mwenyewe. Jibu la kwanza ni jepesi, lakini hufuta kila kilichomo, na mara nyingi huweka mfumo na kazi zako mahali pamoja. Afadhali la pili.

Tuchukue diski ya gigabaiti 250. Sehemu ya mfumo, ambayo jina lake ni mkwaju mtupu (/), ipewe 40. Ubana wa hapa hauna faida, kwani masasisho hula nafasi na sehemu hii ikijaa kompyuta huweza kushindwa kukufungulia. Swapu, ambako mfumo huhamishia mambo kumbukumbu ikielemewa, ipewe 4 au 8. Nyingine zote ziende /home, yanakokaa mafaili ya watumiaji. Kompyuta za miaka ya karibuni hutaka pia sehemu ndogo ya kuwashia, megabaiti 500 hivi. Kama Windows imo na ungependa ibaki, sehemu hiyo ipo tayari: itumie, usiifomati.

(Baadhi ya wafasiri huita sehemu hizi vizigeu. Lakini kizigeu ni kile kinachogawa chumba, si chumba chenyewe, kwa hiyo hapa tumebaki na "sehemu".)

Siku ya kuweka toleo jipya ndipo mpango huu unapolipa. Utafomati / peke yake, kisha utaionyesha programu ile /home ya zamani bila kutia alama ya kuifomati. Alama hiyo iangalie mara mbili kabla ya kubonyeza, maana kisanduku kimoja kidogo kinatosha kufuta utafiti wa miaka miwili.

Hata hivyo, /home iliyotengwa bado imo katika diski ile ile, inayoweza kufa au kuibwa. Nakili kazi yako kwenye diski ya nje kwanza, uichomoe, ndipo uanze kugawa.