Kufua chandarua bila kuondoa dawa yake

Mama au mlezi wa Chanika, kiangazi vumbi la barabarani na moshi wa kuni huchafua chandarua upesi. Hata hivyo, usikifue kila wiki. Chandarua chenye dawa ya muda mrefu hutengenezwa kistahimili kufuliwa angalau mara 20, lakini dawa hupungua kidogo kila kinapofuliwa. Kikiwa na vumbi tu, kikung'ute nje. Kikichafuka sana, kifue, lakini isizidi mara moja kila miezi mitatu.

Unapokifua:

- Tumia maji ya baridi na sabuni ya mche. Usitumie jiki.
- Kifikiche taratibu kwenye beseni. Usikiloweke wala kukisugua kwa nguvu.
- Kianike kivulini, kwa sababu jua huharibu dawa.
- Mwaga maji yake chooni, mbali na kisima au mto. Dawa hiyo huua samaki.
- Shona matundu kabla ya kukitundika.

Kifue asubuhi ili kikauke kabla ya usiku, mbu wa malaria wanapouma. Mtoto akipata homa, hata kama hulala ndani ya chandarua, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe.